Hesabu kwanza, kisha shusha mtumbwi: mwongozo wa kufikiri kimkakati na kuthubutu

Pale Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki na dagaa jijini Mwanza, upande wa kivuli wa maghala ya dagaa, kuna wazee wanaocheza bao jua likishakuwa kali. Miaka yangu ya kwanza sokoni nilikuwa nawapita tu. Siku moja mvua ilinizuia, nikakaa, na mzee mmoja akanionyesha jambo ambalo limenisaidia kuliko semina zote nilizohudhuria. Kila mchezaji ana kete 32, lakini bao la Kiswahili linapoanza, zinazowekwa ubaoni ni 10 tu: sita kwenye shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zinabaki ghalani, yaani akiba ya mchezaji, naye anazinamua, yaani anaziingiza ubaoni, moja moja. "Angekuwa mtoto," mzee akasema, "angezimwaga zote."

Mimi nilikuwa huyo mtoto. Mwaka 2016 niliweka fedha yangu yote kwenye mzigo mmoja wa dagaa wa kupeleka Kahama. Turubai la gari lilikuwa limechanika, mvua ikatukuta njiani, magunia matatu kati ya saba yakashika ukungu. Nilikuwa na ujasiri mwingi sana siku ile. Hesabu sikuwa nayo.

Tangu hapo nimefanya biashara kwa utaratibu ninaouandika hapa. Nimewafundisha wanawake wa kikundi chetu, na vijana wawili wa bodaboda, na fundi cherehani mmoja wa Igoma, kwa hiyo najua haufai kwa dagaa peke yake.

Hatua ya 1: Andika mwezi mzima, kuanzia mwandamo hadi mwandamo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hiyo ni kweli tupu. Nunua daftari la kawaida la mistari. Andika kila shilingi inayoingia na inayotoka, hata mia mbili ya maji. Usiandike kwa kukisia jioni, andika papo hapo.

Kwa nini nasema mwandamo hadi mwandamo, siyo tarehe 1 hadi 30? Kwa sababu huku kwetu fedha inafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, na taa hufanya kazi vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikishika, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inapumzika siku kadhaa, na wavuvi wanakaa kambini bila kitu mfukoni. Anayeuza chipsi karibu na mwalo, mahali mitumbwi inapotia nanga, analijua hilo hata kama hajawahi kulisema. Mzunguko mmoja ni kama siku 29 na nusu, na ukiuandika wote utaona wakati wa kujaa na wakati wa kukauka. Ukiandika wiki mbili tu, unaweza kudhani biashara yako ni nzuri kumbe umeandika giza peke yake.

Mwisho wa mzunguko jibu maswali mawili tu. Fedha yangu nyingi inatoka kwa nani? Na siku gani nilitumia kuliko nilivyopata, kwa sababu gani? Yule fundi cherehani aligundua kwamba zaidi ya nusu ya kipato chake kilitoka kwa mama mmoja mwenye duka la sare. Alikuwa anamfanyia kazi zake mwisho baada ya wateja wote, kwa vile mama yule hakuwa na kelele. Kesho yake alianza na sare.

Hatua ya 2: Tazama kinachokuja kabla hakijafika

Kufikiri kimkakati hakuhitaji kipaji cha utabiri. Mambo mengi yanayobadilisha maisha yetu yanajitangaza mapema, tena kwa miaka.

Chukua daraja la Kigongo hadi Busisi. Ujenzi ulianza 2020, na daraja lilifunguliwa Juni 2025, likivuka maji ya Ziwa Victoria kwa urefu wa takriban kilomita 3. Kabla yake magari yalipanga foleni kusubiri kivuko, na foleni ile ilikuwa inalisha familia: mahindi ya kuchoma, mayai, soda, ndizi. Kwa miaka mitano kila aliyeuza pale aliziona nguzo zikipanda. Daraja likafunguliwa, foleni ikafa siku hiyo hiyo. Nikiwafikiria akina mama wale moyo unaniuma, kwa sababu nguzo ilikuwa tangazo, na hakuna aliyekaa nao akawauliza: foleni ikiisha, mteja wako atakuwa wapi?

Sasa jiulize wewe. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inajengwa. Ikianza kubeba mizigo, nani atakosa kazi na nani atapata? Mtaa wako unapimwa viwanja? Shule mpya inachimbiwa msingi? Andika mambo matatu unayoyaona yakijengwa au yakibadilika mahali unapopita kila siku, na mbele ya kila moja andika: likikamilika, mteja wangu atafanya nini tofauti?

Chora pia kalenda ya mwaka wako. Yangu ina mistari hii: masika, Machi hadi Mei, dagaa hawakauki vizuri na wanaoza mchangani. Msimu wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida Mei, wakulima wa Usukumani wanapata fedha, na vijijini mzigo unatoka. Januari kila mzazi anawaza ada na sare, hanunui kingine. Mfungo wa Ramadhani unahama kila mwaka, lazima uuangalie upya. Hiyo kalenda imebandikwa nyuma ya mlango wangu, na kabla sijanunua chochote kikubwa naenda kusimama mbele yake.

Hatua ya 3: Weka kete ghalani

Hapa ndipo watu wengi wanaponipinga. Wanasema, mtaji wenyewe mdogo, nikiugawa utabaki nini? Nami nasema, mtaji mdogo ndio unaotakiwa kugawanywa, kwa maana hauna wa kuurudisha ukipotea.

Kwa jambo jipya usiweke zaidi ya theluthi moja, au theluthi na kidogo. Inayobaki igawe mara mbili: sehemu ya jaribio la pili (na jaribio la pili ndilo huwa zuri, maana la kwanza umelipia ada ya shule), na sehemu ya nyumbani isiyoguswa: kodi, chakula, dawa. Ile ya nyumbani isikae kwenye simu ile ile unayofanyia biashara. Iweke VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), au benki, au laini nyingine ambayo mwenza wako anaijua.

Na mkopo? Nina maneno machache lakini mazito kuhusu kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa inayorudishwa kila siku. Tuseme unakopeshwa 300,000, unarudisha 12,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 360,000. Wanakwambia riba ni asilimia 20. Lakini unaanza kurudisha siku inayofuata, kwa hiyo 300,000 hukai nayo mwezi mzima. Siku ya 15 umesharudisha 180,000. Kwa wastani unakuwa umeshika kama nusu tu ya ulichokopa, kwa hiyo gharama yake halisi ni karibu asilimia 40 kwa mwezi mmoja. Na mzigo wa dagaa ukichukua siku nane kununua, kusafirisha na kuuza, umelipa 96,000 kabla fedha ya mzigo haijarudi mkononi. Unailipa na nini? Na mtaji wenyewe. Ndiyo maana inaitwa hivyo.

Ukiwa lazima ukope, anza na kikundi chenu, kisha ulizia halmashauri mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ina foleni na makaratasi. Vumilia makaratasi.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya siku mbaya

Kila mtu hupiga hesabu ya faida. Mkakati ni kupiga hesabu tatu. Natoa mfano. Bei hizi ni za kujifunzia tu, zako ziulize sokoni.

Una 1,500,000. Unataka kupeleka magunia manne Kahama. Kununua, 110,000 kwa gunia: 440,000. Kushona, kupakia na ushuru, 6,000 kwa gunia: 24,000. Usafiri wa mzigo, 8,000 kwa gunia: 32,000. Nauli yako kwenda na kurudi pamoja na kula: 40,000. Jumla 536,000. Kila gunia limekufikia kwa 134,000. Hiyo namba ya mwisho ndiyo uishike kichwani. Watu wengi wanashika 110,000, wanauza 130,000, wanarudi wakicheka, kumbe wamepata hasara ya 4,000 kwa kila gunia.

Siku njema: unauza 150,000, unapata 600,000, faida 64,000. Siku ya kati: bei imeshuka hadi 125,000, unapata 500,000, hasara 36,000. Siku mbaya: bei imeshuka na gunia moja limeharibika, unauza matatu kwa 125,000, unapata 375,000, hasara 161,000.

Sasa swali la pekee: 161,000 ikipotea, kuna mtoto atarudishwa shule? Kuna dawa haitanunuliwa? Kama jibu ni hapana, basi nenda, na nenda bila kutetemeka. Ujasiri wangu wote siku hizi unatoka hapo. Nikishaiona siku mbaya kwenye karatasi na nikaona naweza kuibeba, hofu inapungua yenyewe. Kama jibu ni ndiyo, punguza magunia hadi liwe hapana.

Hatua ya 5: Nenda ukaguse kwa mkono wako

Taarifa ya kuambiwa ina mguu mmoja. Kabla hujatoa fedha, fika mwenyewe, mara mbili kwa saa tofauti.

Kwa dagaa nafanya hivi. Naingiza mkono hadi katikati ya gunia, siyo juu, kwa maana juu ndipo panapopambwa. Nachukua konzi moja, nafumba kiganja na kukaza. Dagaa waliokauka wanavunjika kwa mlio, na ukifungua kiganja wanamwagika. Wabichi wanajikunja na kubaki wameshikana. Kisha nawamwaga wote na kuangalia kiganja changu kitupu: mchanga uliobaki kwenye mistari ya mkono ndio mchanga ninaouziwa kwa bei ya dagaa. Rangi ya fedha inayong'aa ni dalili kwamba walianikwa mapema na jua likawapata. Wakiwa na rangi ya kahawia na harufu kali ya mafuta, wamekaa au walinyeshewa. Waliokaushwa juu ya vichanja huwa safi kuliko wa mchangani, na wateja wa mjini wanaijua tofauti.

Kila kazi ina kiganja chake. Ukitaka kufungua mgahawa, kaa na soda yako mbele ya fremu hiyo saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja usiku, uhesabu wanaopita kwa miguu. Ukitaka kununua bodaboda iliyotumika, iwashe ikiwa ya baridi kabisa asubuhi, siyo baada ya muuzaji kuja nayo ikiwa imepata moto.

Kiwanja nacho ni hivyo hivyo, na kwa Mwanza yetu ya mawe na vilima nasema zaidi. Kitembelee siku ya mvua uone maji yanapita wapi. Uliza jirani, siyo dalali, maji ya bomba yanapanda huko juu siku ngapi kwa wiki. Nenda ofisi ya ardhi uombe upekuzi wa kiwanja hicho, yaani waangalie kwenye kumbukumbu zao mmiliki ni nani, nenda serikali ya mtaa, na hakikisha mwenza wa muuzaji ameridhia kwa maandishi. Muuzaji akikwambia "mke wangu hana neno," jibu, "Basi baba, naomba niongee na mama mwenyewe." Ukiona uso umebadilika, umejua.

Hatua ya 6: Thubutu kwa mdomo kwanza

Watu wakisikia kuthubutu wanawaza kuacha kazi au kukopa mamilioni. Ninavyoona mimi, ujasiri unaolipa zaidi ni wa kusema sentensi moja ambayo umekuwa ukiimeza. Nitakupa tatu nilizozifanyia mazoezi kwa sauti, peke yangu, nikichambua mchele.

Ya kwanza ni kuuliza. Kwa miaka minne niliwauzia madalali bila kujua wanampelekea nani. Wanunuzi wa kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wanakuja Mwaloni kila wiki, nami nilikuwa naona haya. Siku moja nilimsogelea mmoja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

"Mimi nauza dagaa wa kichanja, hawana mchanga. Naomba uwaangalie. Usiponunua leo siyo neno, ila naomba uniambie unataka waweje."

Hakununua. Lakini alisimama robo saa akinieleza: wawe wadogo, wakavu kabisa kwa sababu safari ni ndefu, na magunia yawe na ujazo mmoja ili asibishane mpakani. Maelezo yale sikuyalipia hata senti. Baada ya miezi miwili alinunua.

Ya pili ni kukataa. Ndugu akija wakati mzigo haujauzwa, usidanganye kwamba huna, kwa maana kesho atakuona unanunua magunia. Mwambie ukweli wenye mpaka: "Kaka, fedha iliyopo ni ya mzigo, nikiitoa kazi inasimama. Kwenye fungu la familia mwezi huu nina 20,000, hiyo nakupa, wala usirudishe." Ni lazima fungu hilo liwepo kweli. Hatuishi kwa kukataana. Usukumani na kwingineko mtu ni watu, na aliyekusaidia kuanika dagaa mvua ilipotishia hukumpa mkataba.

Ya tatu ni kuomba unachostahili. Kwa aliyeajiriwa, usiende kwa bosi na malalamiko ya maisha magumu, yeye pia anayo. Nenda na daftari: "Bosi, tangu Januari nimeongeza wateja hawa sita, na hesabu za stoo hazijapishana mwezi hata mmoja. Naomba tuangalie mshahara wangu kabla ya mwisho wa mwezi huu." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Ukianza kujaza ule ukimya kwa "lakini hata kama haiwezekani sawa tu", umejijibu mwenyewe.

Hatua ya 7: Jua kwamba kula si lazima

Kwenye bao, ukiwa na nafasi ya kula kete za mwenzako ni lazima ule. Mchezaji mjanja anaitumia sheria hiyo dhidi yako: anakutegeshea kete, unakula, na kula kwako kunakupeleka anapotaka yeye. Kwenye biashara hakuna sheria hiyo, ila wengi wetu tunaishi kama ipo. Mtu anasema "mzigo huu wa bei poa, lakini uamue sasa hivi, kuna mwingine anakuja", na tunatoa fedha.

Mimi nina kanuni yangu: jambo lolote ninaloambiwa liamuliwe ndani ya saa moja, ambalo halikuwa kwenye kalenda yangu, jibu ni hapana. Nimepitwa na mizigo mizuri miwili mitatu kwa kanuni hii, na sijutii. Ila jambo ambalo nimelipigia hesabu, nimeligusa, na nilikuwa nalisubiri, nalichukua siku ile ile bila kuita kikao. Giza la Agosti mwaka jana bei ilishuka chini ya ile niliyokuwa nimeiandika kwamba ikifika hapo nitanunua mzigo maradufu. Wenzangu walisubiri ishuke zaidi. Nilinunua asubuhi hiyo, na baada ya siku tisa mbalamwezi ilikuwa imeshika na mialo iko mikavu.

Hatua ya 8: Andika mlango wa kutokea kabla hujaingia

Kabla ya kuanza jambo lolote jipya, andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari mistari mitatu: nitaweka kiasi gani kwa jumla, nitaangalia tena tarehe gani, na nikiona nini nitaacha. Iwe kitu kinachohesabika. "Biashara ikienda vibaya" haihesabiki. "Nikishindwa kurudisha 134,000 kwa gunia katika safari tatu mfululizo" inahesabika. Mwonyeshe mtu mmoja unayemheshimu, aweke sahihi yake. Mimi nilimpa dada yangu mkubwa.

Unaandika mapema kwa sababu ukishaingia utapenda. Utaona aibu ya majirani, utasema safari moja tu zaidi. Nilijaribu kuuza mabondo ya sangara, yaani vibofu vya hewa vya samaki huyo, mwaka 2019. Bei yake ilinivutia sana, lakini ni biashara ya wenye mtaji mrefu, na kupima ubora kunahitaji jicho ambalo sikuwa nalo. Safari ya tatu ilipofeli nilitaka kukopa ili niendelee. Dada akaja nyumbani jioni, hakusema neno, akafungua ukurasa ule na kuuweka mezani karibu na sahani yangu. Nilikula, nikanawa mikono, nikafuta jina la mabondo kwenye kalenda ya mlangoni. Ghalani zilikuwa zimebaki 870,000. Giza lilikuwa linaanza Jumatano, na Jumatano saa kumi na moja alfajiri nilikuwa Mwaloni, mkono ndani ya gunia.